Programu gani ya kutunza na kutafuta picha haitaniangusha? Studio ndogo Dodoma, picha zaidi ya laki mbili

PichaNkuhungu

Habari zenu wapiga picha wenzangu. Naomba mnisome hadi mwisho, swali lenyewe ni fupi ila lina historia.

Nina studio ndogo Nkuhungu, Dodoma. Nilianza mwaka 2013 na kamera ya kuazima, leo tuko watatu, mimi na vijana wawili. Tunapiga harusi, sendofu, kicheni pati, mahafali ya UDOM, mikutano ya wizara kule Mtumba, na mara mojamoja mashamba ya zabibu Hombolo na Makutupora. Nina picha kama 214,000, nyingi ni RAW (faili ghafi la kamera), zimekaa kwenye eksteno saba, yaani diski za nje. Kila eksteno nimeibandika selotepu ya karatasi na kuiandika kwa makapeni: HARUSI 2018 B, MAHAFALI 2018, hivyo hivyo.

Toka 2015 natumia Lightroom 6, programu ya picha ya Adobe, ile ya mwisho kuuzwa kwa kulipa mara moja. Kila kazi ikiisha naketi usiku naweka lebo: jina la bibi harusi, la bwana harusi, ukumbi, kanisa au msikiti, na wazee wa pande zote mbili. Wazee hasa. Mtu akinipigia simu miaka mitano baadaye hatafuti picha ya keki, anamtafuta baba yake.

Mwezi uliopita umeme ulikatika nikiwa katikati ya kuweka lebo. Betri ya laptopu yangu ilikufa kitambo, inaishi kwa waya, ikazima papo hapo. Umeme uliporudi, programu ikagoma kufungua katalogi, lile faili inamotunza lebo zote. Nikaangalia kwenye folda, pembeni ya katalogi kuna vifaili viwili vidogo, kimoja jina lake linaishia na lock, kingine journal. Niliwahi kusoma mahali kwamba ukifuta lock inafunguka. Nikafuta vyote viwili. Ikajaribu kufunguka, ikaniambia katalogi imeharibika. Bakapu pekee niliyoipata ni ya Novemba 2017, ilibaki kwenye laptopu ya zamani. Baada ya hapo, kila programu iliponiuliza wakati wa kuifunga kama ihifadhi nakala, nilikuwa naahirisha ili niwahi kulala.

Wiki mbili baadaye dada mmoja wa Mpwapwa akanipigia, saa kumi na mbili jioni. Bibi yake amefariki, maziko ni kesho yake mchana, na nyumbani hawana picha yake ya kuweka mbele ya jeneza. Wanakumbuka nilimpiga kwenye sendofu ya mjukuu, Agosti 2018. Zamani ningeandika jina la ukoo tu na bibi angetokea hata chai haijapoa. Usiku ule nilichomeka eksteno moja, nikatoa, nikachomeka nyingine, hadi saa nane usiku. Nikampata: amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, kanga begani, anamcheka mtoto aliyeng'ang'ania chupa ya soda kwa mikono miwili. Picha moja. Najua ziko nyingine, maana nakumbuka meza ile tuliizunguka mimi na kijana wangu zaidi ya mara moja, ila sikuziona.

Sasa nimenunua Canon R6, na Lightroom 6 haisomi RAW zake. Kwa hiyo kuhama ni lazima. Naomba ushauri wa programu itakayofanya kazi bila intaneti, itakayobeba picha zote hizi, ambayo na vijana wangu wataiweza, na siku ikifa isife na lebo zangu. Malipo ya kila mwezi sikatai, lakini Kwaresima na Ramadhani harusi hazipo na mfuko unakauka. Je, nisipolipa miezi miwili, picha zangu zinafungiwa?

bando_kubwa

Pole sana dada. Kwa nini ujitese na eksteno? Pandisha kila kitu Google Photos, inatambua sura yenyewe, unaandika jina inakuletea. Mimi nina picha za watoto wangu toka wamezaliwa, sijawahi kupoteza hata moja.

PichaNkuhungu

Asante kaka, na mimi za familia nimeziweka huko. Za kazi ndizo zinanishinda. Harusi moja kwa R6 inaniachia picha kama 2,500, GB 55 hivi. Mtandao wangu ukipandisha megabiti 5 kwa sekunde bila kukatika, harusi moja inachukua zaidi ya saa 24. Nina Jumamosi mbili kwa wiki moja wakati wa msimu, maana Ijumaa nayo siku hizi ni Jumamosi. Halafu wateja hawa wamenikabidhi sura zao na za watoto wao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na mtu akiniuliza sura ya mwanawe inatambuliwa wapi na nani, nataka niweze kumwonyesha kompyuta iliyo mezani kwangu.

fundi_diski

Dada, pole. Niko Sabasaba, kazi yangu ni kompyuta, si kamera. Programu watakuambia wengine. Mimi nikueleze kilichotokea, kwa sababu usipokijua utahama na kitakufuata.

Katalogi ya Lightroom ni hifadhidata ya aina ya SQLite, yaani majedwali ya taarifa ndani ya faili moja kubwa. Wakati inaandika, kabla haijagusa ukurasa wa zamani inanakili ukurasa huo kwenye lile faili la journal. Umeme ukikatika katikati, ukiwasha tena inasoma journal na kurudisha mambo yalivyokuwa kabla hujakwama. Lock ni alama tu kwamba mlango una mtu, ukiifuta baada ya mashine kuzimika hakuna hasara. Journal ndiyo ilikuwa dawa yako. Umeme ulikuumiza, lakini kufuta journal ndiko kulikokumaliza. Sikulaumu, majina yake yanafanana na takataka.

Usiifute hiyo katalogi iliyoharibika. Usijaribu kuifungua tena. Inakili kwenye flashi, uilete. SQLite ina zana ya kuokoa, inapita kwenye faili lililovunjika ukurasa kwa ukurasa na kutoa kilicho hai. Sikuahidi. Ila ndani yake kuna jedwali la mafaili, jedwali la maneno na jedwali linalounganisha mawili hayo, na mara nyingi si yote yanakufa.

Na nunua betri. Betri ya laptopu ndiyo UPS, yaani umeme wa akiba, ya bei rahisi kuliko zote. Kingine, eksteno zako kama zimefomatiwa kwa exFAT, usizichomoe kabla ya kuziaga kwenye kompyuta. exFAT haina journal yake yenyewe kama NTFS, fomati ya kawaida ya diski za Windows, ilivyo nayo.

MzeeKivuli

Mbukwenyi wana Dodoma.

Binti yangu, nimepiga picha za habari miaka mingi, nyingine nikiwa nimechuchumaa kwenye vumbi la viwanja vya Bunge nikisubiri gari lifunguliwe mlango. Nimeona programu zikizaliwa na kuzikwa, kwa hiyo niruhusu niseme kwa urefu.

Nilianza na Picasa. Ilikuwa nyepesi, nzuri, ya bure. Nilikaa nayo mwaka baada ya mwaka nikiipa majina ya watu, sura kwa sura. Mwaka 2016 Google wakaisitisha. Picha zangu zilikuwepo zote, lakini majina yale mengi yalikuwa yameandikwa kwenye vifaili vidogo vya Picasa yenyewe, vimejificha ndani ya kila folda, na programu niliyohamia haikuvijua. Rafiki yangu wa Dar alikuwa anatumia Aperture ya Apple. Yeye aliambiwa 2014 kwamba haitaendelezwa, na ilipofika 2019 mfumo mpya wa Mac ukawa hauifungui kabisa. Hizo ni kampuni kubwa kuliko zote tunazozijua. Kwa hiyo usimtafute asiyekufa, hayupo.

Kitu kilichonitunzia kazi yangu ni IPTC. Ni utaratibu wa vyombo vya habari, ni wa kabla ya hizi programu zote mnazozitaja, wa kuandika habari za picha ndani ya picha: nani yumo, wapi, lini, aliyepiga, haki ni za nani, na maneno ya kutafutia. Nikituma picha chumba cha habari, mhariri asiyenijua anaifungua na kukuta jina la waziri limeshaandikwa. Picha zangu za 2009 leo nikizifungua na programu yoyote ya maana, maelezo yake yamo. Programu nilizoyaandikia nyingine zimeshakufa.

Mimi sasa natumia Photo Mechanic ya Camera Bits. Nitakuonyesha inavyokwenda. Natoka ukumbini na kadi mbili. Nazichomeka zote, inazipakua kwa pamoja kwenye diski mbili tofauti kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo kabla sijaketi nina nakala mbili. Wakati inapakua inabandika jina langu, tarehe na mahali kwenye kila picha. Halafu naanza kuzipitia na hainisubirishi, kwa sababu haitafsiri RAW, inasoma ile JPEG ndogo ambayo kamera yenyewe imeipachika ndani ya RAW. Picha 800 nazipepeta wakati mwenzangu wa programu nyingine bado anatazama kiduara kinazunguka. Kuna na mbinu ya vifupisho: nimeandaa orodha ya waheshimiwa, nikiandika herufi tatu linatokea jina zima na jimbo, bila kukosea tahajia. Wewe ungeandaa orodha ya wanafamilia wa harusi siku moja kabla, wakati wa kikao cha mwisho cha kamati. Umechukua majina ya wazee pale pale kwa mwenyekiti, yameandikwa sawasawa.

Lakini nikuambie na upande wa pili. Ni ya kulipia, na si bei ya kuchezea. Haiediti, lazima uwe na nyingine ya kuedit. Na ile ya kawaida ni ya kupitia na kuandika, ya kutafuta kwenye picha laki mbili ni ile kubwa zaidi, Photo Mechanic Plus.

Kuhusu kufungiwa: Lightroom Classic, ile ya sasa ya kulipia kila mwezi, usipolipa hailali na picha zako. Inafunguka, unatafuta, unatoa nakala. Inayofungwa ni sehemu ya kuedit na ramani. Picha zenyewe hazijawahi kuwa ndani ya katalogi, ziko kwenye folda zako. Katalogi ni daftari tu la kusema kila kitu kiko wapi.

Jambo dogo ambalo ni kubwa: badilisha majina ya mafaili siku unayopakua. Canon ikifika 9999 inarudi 0001, na wewe una kamera mbili na vijana wawili. Utakuwa na IMG_0412 hata ishirini. Tarehe, alama ya kamera, namba. Basi.

Kolo_Kondoa

Shikamoo Mzee Kivuli. Dada PichaNkuhungu pole kwa bibi, na hongera kwa kumpata usiku ule.

Mimi nipo Kondoa, napiga picha za michoro ya miambani upande wa Kolo, ile iliyoingia Urithi wa Dunia 2006. Kazi yangu haifanani na harusi: napiga ukuta uleule mwaka hadi mwaka, kuona rangi inavyofifia, wapi maji yameshuka, wapi mtu amekwaruza. Picha bila lebo ya mwamba gani, upande gani na tarehe gani, kwangu ni jiwe tu.

Natumia digiKam. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, inatoka kwa jumuiya ya KDE, inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux. Lebo zinapangwa kama ukoo: Kondoa, chini yake Kolo, chini yake namba ya mwamba. Kwako ingekuwa ukoo wa kweli. Inatambua sura hapo hapo kwenye kompyuta yako, hakuna kinachotoka nje. Mara ya kwanza inapakua mafaili ya kujifunzia sura, baada ya hapo intaneti haina kazi. Kasoro zake nazo zipo: skrini yake ina mambo mengi, siku ya kwanza kijana wako atachanganyikiwa. Marekebisho uliyofanya Lightroom, rangi, mwanga, haitayaelewa. Lebo, nyota na maelezo itayasoma.

Ila sikushauri uniamini mimi wala Mzee. Fanya nilichofanya kabla sijahama. Chukua kazi moja, picha mia tatu, zinakili pembeni. Ziweke lebo, nyota na maelezo kwenye programu unayoijaribu. Ediot kumi. Kisha ifunge programu, na ufute katalogi yake. Ifute kwa makusudi. Uanze katalogi mpya tupu, uingize zile picha mia tatu, uhesabu kilichorudi. Kilichorudi kipo kwenye picha au kwenye kifaili cha XMP, kifaili kidogo cha maelezo kilicho ubavuni mwake. Kisichorudi kilikuwa mali ya programu.

Kolo_Kondoa

Samahani, nilitaka kuandika "editi kumi". Naandikia simu, jua kali.

PichaNkuhungu

Nimesoma majibu yenu zaidi ya mara mbili, Mungu awabariki. Mzee shikamoo. Kolo, hilo jaribio lako nimelifanya, limenichukua siku tatu za jioni. Naweka matokeo hapa, huenda yakamsaidia mwingine.

Nilichukua picha 312 za harusi ya Hombolo ya hivi karibuni, RAW za R6 pamoja na JPEG chache. Niliweka lebo za watu 19.

digiKam: kwenye mipangilio nimeiambia iandike metadata, yaani lebo, nyota na maelezo, kwenye XMP ya pembeni kwa RAW. Nikafuta hifadhidata yake. Nikaanza upya. Lebo zote zikarudi, nyota zikarudi, maelezo yakarudi, mpaka vile viboksi nilivyochora kwenye sura za watu. Nilikaa naangalia kile kiboksi kimemzunguka mama wa bwana harusi na jina lake chini, na katalogi nimeifuta kwa mkono wangu mwenyewe dakika kumi zilizopita. Nilifarijika kweli.

Lightroom Classic, ya majaribio siku saba: mara ya kwanza niliiacha ilivyo. Nikafuta katalogi. Kilichorudi ni tarehe na mipangilio ya kamera tu. Lebo sifuri, nyota sifuri. Miaka yote hii ndivyo nilivyokuwa ninaishi! Mara ya pili nikaingia kwenye mipangilio ya katalogi, upande wa metadata, kuna kisanduku cha kuiamuru iandike mabadiliko kwenye XMP yenyewe bila kuombwa. Hakikuwa na tiki. Nikakitia tiki, nikarudia lebo zote, nikafuta tena. Safari hii lebo, nyota, maelezo na hata rangi nilizoediti zikarudi. Hazikurudi makusanyo niliyopanga kwa ajili ya albamu, wala zile nakala pepe za nyeusi na nyeupe.

Kisha nikajaribu kuzisoma XMP za Lightroom kwa digiKam, haikuona kitu. Nikashangaa. Kolo, umewahi kukutana na hili?

Kolo_Kondoa

Nimekutana nalo, lilinipotezea wiki. Angalia majina ya vile vifaili vya pembeni. Lightroom ikiwa na IMG_0412.CR3 (CR3 ndiyo RAW ya Canon) inaandika IMG_0412.xmp. digiKam inaandika IMG_0412.CR3.xmp, inaweka na CR3 katikati. Kila mmoja anatafuta la kwake, la mwenzake halioni. Kwenye mipangilio ya metadata ya digiKam, sehemu ya vifaili vya pembeni, kuna chaguo la kutumia majina yanayoendana na programu za kulipia. Litie tiki, kisha uiambie isome metadata upya.

MzeeKivuli

Hapo hapo niongeze, binti. Programu mbili zisiandike kwenye kifaili kimoja. Chagua mwandishi mmoja, mwingine awe msomaji. Nimeona ofisi nzima imefutiana maelezo kwa sababu kila meza ilikuwa na programu yake na kila programu ilijiona mwenye nyumba.

Na WhatsApp usiiamini kurudisha picha. Ukituma kama picha inavua habari zote na kubadilisha jina la faili. Mteja akikurudishia picha aliyoichagua, huwezi kujua ilitoka wapi. Mpe namba zimeandikwa juu ya picha ndogo, akutajie namba.

PichaNkuhungu

Nimekitia tiki hicho kisanduku, digiKam sasa inasoma kila kitu. Asante Kolo.

Uamuzi wangu ni huu. Nitalipia Lightroom Classic, kwa sababu mbili. Marekebisho yangu ya miaka yote yako kwenye lugha yake na katalogi ya 2017 imeifungua bila shida. Na vijana wangu wameshaizoea, sitaki msimu wa harusi unikute nafundisha programu mpya. XMP imewashwa na itabaki imewashwa. Yeye ndiye mwandishi, kama Mzee alivyosema. digiKam nimeiweka kwenye kompyuta ya mezani ya mapokezi, isome tu, isiandike. Katalogi ya Lightroom ni ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, na mteja akija kuuliza picha ya zamani, kijana wa mapokezi anatafuta pale bila kunisimamisha. Kwaresima ikifika sina hela, natafuta na natoa nakala, kuedit kunasubiri Pasaka.

Photo Mechanic nimeitamani, Mzee. Ile ya kupakua kadi mbili kwenye diski mbili kwa pamoja nimeiwaza usiku. Mwakani Mungu akipenda. Kwa sasa kadi inanakiliwa mara mbili kwa mkono na haifutwi mpaka nakala ya tatu iende kwa mama yangu Kongwa, kila mwisho wa mwezi, ndani ya boksi la viatu. Bakapu ya katalogi nimeihamisha nayo. Nilipochunguza nimegundua kumbe kwa kawaida inajiweka kwenye folda ileile ya katalogi, diski ileile, yaani diski ikifa zinazikwa pamoja. Na haihifadhi picha, inahifadhi daftari tu. Sasa inaenda eksteno, na sibonyezi tena kuahirisha.

Betri nimenunua.

Jumatano nilimpelekea fundi_diski katalogi iliyovunjika.

fundi_diski

Taarifa. Zana ya kuokoa imepita. Jedwali la maneno limetoka lote. Jedwali la kuunganisha limepungua, kurasa za mwishomwisho zimekufa, za 2023 kuja huku ni chache. Za 2015 hadi 2022 nyingi ni nzima. Nimetengeneza orodha: njia ya folda, jina la faili, lebo zake. Kwa kuwa IMG_0412 zipo nyingi kama Mzee alivyosema, nimelinganisha kwa folda nzima na si kwa jina tu.

Dada alete eksteno zote saba. ExifTool, zana ya kuandika maelezo kwenye picha, itasoma orodha na kuandika lebo kwenye XMP ya kila RAW, na ndani ya kila JPEG. Kabla ya hapo nanakili eksteno. Sigusi nakala pekee ya mtu.

PichaNkuhungu

Wapendwa, narudi kuwapa mrejesho.

Fundi amekaa na eksteno zangu siku nne. Zimerudi juzi, kila moja na selotepu yake. Jana usiku niliziingiza kwenye katalogi mpya, moja baada ya nyingine, nikaiacha laptopu inafanya kazi hadi asubuhi, feni inalia. Umeme ulikatika mara moja usiku. Nimejua kwa sababu saa ya ukutani inayotumia umeme ilikuwa imebaki nyuma. Laptopu haikutikisika.

Asubuhi niliandika jina la ukoo wa yule bibi wa Mpwapwa. Zikatokea picha 12.

Ile moja niliyoipata usiku ule, na 11 nyingine. Hizo 11 zilikuwa kwenye eksteno ya MAHAFALI 2018. Kumbe siku ile kijana wangu alikuwa na kamera ya pili, na kadi yake aliimwaga kwenye eksteno iliyokuwa karibu, kwenye folda inayoitwa MPYA. Nisingeitafuta sendofu kwenye mahafali hata kwa mwaka mzima. Lakini mwaka 2018 nilikuwa nimeketi nikaandika jina lake kwenye kila moja, na jina ndilo limemleta.

Kuna moja anamlisha bibi harusi keki, mkono wake mwingine umeshika kidevu cha mjukuu kama anamlisha mtoto mchanga. Kuna moja amesimama, amepokea kipaza sauti, watu wote wa meza ya mbele wameinama wanasikiliza. Na ya mwisho amelala usingizi kwenye kile kiti, kanga imefunika magoti, sherehe inaendelea nyuma yake.

Nimempigia yule dada. Hakusema kitu kwa muda, kisha akaniuliza kama hiyo ya kipaza sauti naweza kuitoa kubwa. Arobaini ni Jumamosi. Naichapa kesho asubuhi, ipande basi la mchana la Mpwapwa.